Watoto Thelathini na Mmoja wa Jedwali la Pili

Mji huo hauna jina, na anayetaka kuupa jina na aupe, simzuii. Nitakachosema ni kwamba wakazi wake hawahesabu miaka kwa mvua wala kwa mavuno. Wanahesabu kwa matoleo. Mtu huzaliwa Toleo la Tatu, akaoa Toleo la Ishirini, na kwa kuwa matoleo yenyewe hayatoki kwa zamu (la kumi na nane liliwahi kutoka kabla ya la kumi na tano, eti wino uliisha), si ajabu kumkuta mjukuu aliyemtangulia babu yake kuzaliwa, wote wawili wameketi barazani wanakunywa uji na hakuna anayeshangaa. Katikati ya mji ipo Nyumba ya Jarida. Kinachochapwa ndani ya nyumba hiyo ndicho kinachokuwa. Wakichapa kwamba maji hupanda mlima, kesho yake utawaona watu na ndoo zao wakielekea kileleni, na wasipoyakuta hujilaumu wenyewe kwa kuchelewa.

Mwatumu alikuwa mhariri wa nyumba hiyo. Kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kukata majina. Makala ikiletwa, yeye huchukua mkasi akalikata jina la mwandishi, akalitupa kapuni, kisha akaitia ile makala katika moja ya droo zilizopangwa ukutani kwa mada: homa, udongo, nyota, ndoa, mifugo. Nyuma ya ukuta hukaa wasomaji, wale mabingwa wanaohukumu kazi za wenzao, kila mmoja amefunikwa uso kwa kitambaa cheusi, na mkono ulio karibu na droo ya homa ni mkono wa anayejua homa kuliko wote. Ni mwiko kuuliza ni mkono wa nani. Desturi ilianzishwa kwa nia njema kabisa: mkubwa asipendelewe, mdogo asidharauliwe. Mwatumu aliipenda. Aliutia makali mkasi wake kila Jumatatu, na watu walipomsifu kwa uadilifu wake aliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, ingawa ndani alikuwa amevimba kwa raha.

Lakini siku za karibuni kuna swali lililokuwa likimnyima raha hiyo. Neno likishatoka mkononi mwa mtu likachapwa, nani hulijibia? Mwandishi amekatwa jina. Msomaji amefunikwa uso. Mhariri hakuandika, amepitisha tu. Bodi haikusoma, imeidhinisha tu. Mchapaji anatazama wino umekolea au haukukolea. Msomi wa kesho analinukuu kwa sababu msomi wa jana alilinukuu. Ukiwapanga wote hao mstari mmoja ukawakagua viganja, utakuta kila kiganja kisafi, kimeoshwa na kukaushwa, na jambo limeshatendeka. Sasa limetendwa na nani? Mwatumu alikuwa akilisukuma swali hilo pembeni kila lilipokuja. Kulikuwa na makala za kukatwa majina.

Ndipo Bi Sikudhani aliporudi.

Huyu Bi Sikudhani alikuwa muuguzi wa zamu ya asubuhi katika wodi ya watoto, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza katikati ya vilio. Toleo moja nyuma alikuwa ameleta barua. Barua ilihusu makala maarufu kuliko zote mjini, ile ya vijiko vitatu vya dawa ya mzizi kwa mtoto mwenye homa. Makala ilisema watoto arobaini walipewa vijiko vitatu kutwa mara mbili, wakapona. Tangu ilipochapwa, hakuna wodi, zahanati wala nyumba iliyothubutu kutoa viwili au kimoja. Barua ya Sikudhani ilisema kwa ufupi: wodi hiyo ina vitanda tisa. Watoto walikuwa tisa. Mimi ndiye niliyewanywesha. Wanne walilala usingizi mzito wakaamshwa kwa shida, na wawili hawakuamka.

Mwatumu aliposoma barua ile mara ya kwanza aliirudia tangu mwanzo, hilo nalikiri kwa niaba yake. Kisha akafanya kile alichofunzwa kufanya. Alichukua mkasi, akakata jina la Sikudhani, akakata na saini, akaitia barua katika droo ya homa, ili anayejua homa kuliko wote aihukumu kwa haki bila kumjua aliyeiandika. Akafunga droo. Akaenda kunywa chai. Alijiona ametimiza wajibu.

Jibu lilirudi kutoka kwa Msomaji wa Pili, maana katika nyumba ile Msomaji wa Kwanza siku zote ni mpole na wa Pili siku zote ni mkali, na hakuna ajuaye kwa nini. Liliandikwa hivi: *Hoja haina msingi. Muuguzi wa zamu ya asubuhi hana utaalamu wa kuhesabu.* Mwatumu aliisoma, akaifungia kabatini, akageuka kuondoka, na mguu wake ukagoma. Muuguzi wa zamu ya asubuhi? Nani aliyemwambia msomaji kwamba aliyeandika ni muuguzi? Nani aliyemtajia zamu? Wakati huo Sikudhani alikuwa ameshavuliwa sare.

Sasa alikuwa amesimama mbele ya meza, amevaa gauni la nyumbani, hakukaribishwa na hakungoja kukaribishwa.

“Dada Mhariri, barua nilikuandikia wewe. Wewe. Imefikaje kwa yule bwana wa vijiko vitatu?”

“Nilikata jina lako, Bi Sikudhani. Nilikata mpaka saini.”

“Ulikata jina. Na vitanda je? Wodi ya vitanda tisa mji huu ni moja, na anayevitandika ni mimi. Ulitaka adhani nani ameandika, kitanda chenyewe?”

“Ndiyo taratibu yetu. Hatuulizi mkono wa nani...”

“Hamuulizi! Anayejua dawa ile kuliko wote ni nani, kama si aliyeiandikia makala? Hata mtoto wa chekechea angejua. Nyie mmesoma mpaka mmepitiliza, mmetokea upande wa pili.”

Mwatumu alitaka kusema kwamba hakujua, na kwa kweli hakujua, lakini kwa mara ya kwanza aliona jinsi kutojua kwake kulivyojengwa kwa ustadi, tofali kwa tofali, na jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa fundi.

“Mimi kazi nitapata nyingine, nitauza hata vitumbua,” Sikudhani akasema, sasa sauti imeshuka. “Lakini jana jioni kitanda namba mbili ameingizwa mtoto. Muuguzi mpya anafuata karatasi iliyobandikwa ukutani. Vitatu asubuhi, vitatu jioni. Nimemwambia, akaniuliza limechapwa wapi. Iondoe ile makala, dada. Iondoe leo. Mtoto yule mwili wake mdogo, hatavumilia siku tatu.”

Akatoka bila kuaga. Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani kwa Mwatumu asubuhi ile, na naomba wewe unayenisoma usiyasahau tutakapoanza kuzungushwa: mtoto mmoja, kitanda namba mbili, na karatasi ukutani.

Akaichukua makala, akaifungua penye Jedwali la Pili. Mistari arobaini. Namba, umri, joto, vijiko, matokeo. Kutoka moja hadi tisa mistari ilikuwa na makunyanzi: umri wa miezi isiyo kamili, joto lililopanda likashuka likapanda tena. Mbele ya namba nne na namba saba, chini ya matokeo, palikuwa na neno moja: *alihama*. Mwatumu aliwahi kulisoma neno hilo na kulipita. Watu huhama. Kutoka namba kumi mpaka arobaini mistari ilikuwa laini mno. Alipousogeza uso karibu alisikia mtu akikohoa kwa adabu, alipoinua macho wakawa wameshaingia.

Walikuwa thelathini na mmoja. Waliketi sakafuni, juu ya kabati, dirishani, wawili wawili katika kiti kimoja. Walikuwa watoto, au umbo la watoto, wepesi, na kila feni ilipogeuka walipepea kidogo wakatulia. Hawakuwa na nyuso. Si kwamba walifunikwa. Hakuna aliyewahi kuwafikiria nyuso.

“Mimi namba kumi,” akasema wa kwanza. “Joto thelathini na tisa nukta nne. Nilipewa vijiko vitatu nikapona.”

“Mimi namba kumi na moja. Joto thelathini na tisa nukta tano. Nilipewa vijiko vitatu nikapona.”

“Mlipona nini?” Mwatumu akauliza.

Wakatazamana, kama wasio na macho wanaweza kutazamana. “Hatujui. Jedwali linasema tulipona.”

“Na wale tisa?”

“Wale wana mama zao. Hawatusemeshi.” Namba ishirini na sita akajongea, mdogo kuliko wote. “Tunaomba kuuliza. Umetupa umri, umetupa joto. Je, tunaweza kuondoka? Watu wanatusimamisha barabarani wanatunukuu. Tumechoka.”

“Si mimi niliyewapa. Mimi nimepitisha tu.”

“Ndiyo,” wakajibu wote pamoja, bila lawama, na kukosa lawama kwao ndiko kulikomuuma. “Tulipitia hapa.”

Nimepitisha tu. Nimepitisha. Mlango nao hupitisha, nani huushtaki mlango. Lakini mlango haulipwi kwa kutazama. Mimi nimewekwa kutazama. Nilitazama nukta, nilitazama koma, nilitazama kama rejea zimepangwa kwa alfabeti. Nilimrudishia mtu makala mara tatu kwa ajili ya alfabeti. Alihama. Mtoto wa miezi kumi, alihama. Kwenda wapi, na nani alimbebea mzigo? Sikuuliza. Nilikuwa na haraka, toleo lilikuwa limechelewa, matoleo yote yamechelewa, mpaka lini toleo litakuwa limechelewa.

Alipozinduka chumba kilikuwa kitupu. Akaikunja makala kwapani, akapanda ngazi kwenda kwa Mzee Shomvi.

Mzee Shomvi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bodi na mshika muhuri. Alikuwa mtu laini wa kauli, aliyeweza kukukatalia jambo ukatoka umeshukuru, ukafika chini ndipo ukagundua kwamba umekataliwa. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya juu kabisa. Nyumba nzima, ikumbukwe, imejengwa kwa makala: iliyochapwa leo huwa tofali la kuwekea ya kesho.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti yangu. Umepanda ngazi zote hizi na jua hili! Keti. Maji?”

Mwatumu hakutaka maji. Akaeleza yote, ya vitanda, ya walala usingizi, ya wawili walioandikwa wamehama. Mzee Shomvi alisikiliza amefumba macho, akitikisa kichwa kwa masikitiko mahali panapostahili masikitiko.

“Inasikitisha. Inasikitisha sana. Sasa, binti yangu, unajua ni makala ngapi zimeinukuu hiyo?”

“Sabini na mbili.”

“Sabini na mbili. Na hapa tulipokaa, chini ya kiti chako hicho, ni hiyo ya sabini na mbili. Ukilichomoa tofali la chini, sisi tutasimama wapi?”

“Mzee, kuna mtoto kitandani sasa hivi.”

“Ndiyo, ndiyo, tunamwombea. Ndiyo maana nakuambia bodi haijakataa. Bodi itaunda kamati. Kamati itapeleka hoja kwa msomaji mwenye utaalamu...”

“Kupitia droo ya homa?”

“Kupitia droo ya homa, bila shaka. Taratibu ni taratibu.”

Mwatumu alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimponyoka kikawa kibaya, na mzee alifumbua macho kwa mara ya kwanza. Akavuta karatasi, akaandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri. “Basi, kwa heshima yako, tutatoa sahihisho. Toleo lijalo, ukurasa wa mia tatu na kumi, chini ya matangazo ya vifo vya wanachama. *Penye ‘arobaini’ soma ‘takriban arobaini’.* Umeridhika?”

Mtu aweza kuvumilia kutukanwa. Kuna kuhudumiwa kwa upole namna ile, kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa huku mtoto wa watu ananyweshwa, ambako hakuvumiliki, na Mwatumu alishuka zile ngazi akizikanyaga kwa hasira, makala moja baada ya nyingine. Alikasirika kwa Shomvi, kwa bodi, kwa wasomi sabini na wawili walionukuu bila kusoma, na zaidi kwa adabu yake mwenyewe, iliyomfanya aseme “ahsante mzee” alipokuwa akifunga mlango.

Chini ya ngazi alimkuta Profesa Mwamlima ameketi, kitambaa cheusi kimelala mapajani.

Mwatumu alimjua kabla hajainua kichwa. Huyu ndiye aliyemfundisha kusoma jedwali, enzi hizo au enzi zitakazokuja, katika chumba chenye ubao mbovu. Ndiye aliyemwambia usiamini namba isiyokutia wasiwasi. Alikuwa amezeeka kwa namna ya mtu aliyezeeka siku moja.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, Mwatumu. Umeshajua.”

“Nimejua ni wewe uliyemfukuzisha kazi Bi Sikudhani. Na nimejua wale watoto hawapo. Mwalimu, *alihama*? Ulipoandika neno lile mkono haukukataa?”

“Ulikataa.” Alikuwa akikikunja kitambaa na kukikunjua. “Mkono uliandika baadaye. Yule muuguzi nilimwogopa, nikamtendea unyama, sina la kujitetea. Lakini wewe unaniuliza kama hukuwahi kuiona makala ya kwanza.”

“Makala ya kwanza ipi?”

“Ya watoto tisa.”

Mwatumu akaikunjua makala aliyokuwa nayo kwapani.

“Niliandika tisa,” akasema Mwamlima. “Niliandika wawili wamekufa, nikawataja kwa miezi na siku. Niliandika vijiko vitatu huenda vimezidi. Niliandika, mwishoni kabisa, kwamba mimi sijui kipimo sahihi, na kwamba mtu asitoe vitatu mpaka tujue. Nikaileta hapa. Ikarudi. Aliyeirudisha aliandika pembeni kwa wino wa kijani maneno matatu.”

Katika nyumba nzima aliyetumia wino wa kijani alikuwa mmoja.

Mwatumu hakusubiri kuyasikia. Alikwenda mbio ukumbi mrefu mpaka chumba cha matoleo yaliyopita, ambako, kama kila mfanyakazi wa nyumba ile ajuavyo, siku hazijaisha, zimewekwa tu. Akafungua mlango wa toleo lile. Asubuhi yake ilikuwa bado inaendelea, chai juu ya meza bado ina moshi. Mwanamke ameketi amempa mgongo, mkasi kando, jina limeshakatwa limeanguka kapuni, na mbele yake kurasa sita nyembamba. Mwatumu akasogea akasoma juu ya bega la mwanamke yule. Watoto tisa. Wawili wamekufa: mmoja miezi kumi na siku nne, mmoja mwaka na mwezi. *Sijui.* Neno lenyewe lilikuwepo, kwa mwandiko wa mwalimu wake. Katika maisha yake yote ya uhariri hakuwahi kuliruhusu neno hilo kufika chapani. Halina uzito, halinukuliki, halijengi ghorofa.

Mwanamke akapiga miayo. Akainua kalamu ya kijani.

“Usiandike,” Mwatumu akasema. Akamshika mkono. Ulikuwa mkono wake mwenyewe, na kidonda kidogo cha karatasi kwenye kidole cha shahada, kidonda ambacho mpaka leo kilikuwa kinamwasha. “Nakuomba, dada. Soma tena ukurasa wa mwisho.”

Yule mwanamke hakugeuka. Alisema kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi, sauti safi isiyo na kosa lolote, “Malalamiko yapelekwe kwenye droo.” Na kalamu ikateremka. *Idadi haitoshi. Ongeza.*

Mwatumu alilia pale, amesimama nyuma yake mwenyewe, na yule aliyeketi hakusikia. Akavuta makala nyingine na kuchukua mkasi.

Ongeza. Nilimwambia aongeze, akaongeza. Nilitaka thelathini na zaidi, akaniletea arobaini. Mtu ameniletea maiti wawili mikononi na neno la kweli, nikamwambia hawatoshi. Ni wangapi wangetosha? Hebu niandike idadi. Hebu niandike kwa wino wa kijani ni watoto wangapi wafe ndipo niruhusu neno *sijui*.

Aliporudi mezani kwake ilikuwa saa sita mchana. Hakukata chochote. Alichukua karatasi moja akaandika kwa mkono, kwa sababu kiwanda cha chapa hakingechapa bila muhuri wa Mzee Shomvi, na muhuri wa Mzee Shomvi ulikuwa unasubiri kamati. Aliandika kwamba makala ya vijiko vitatu imeondolewa. Kwamba watoto walikuwa tisa. Thelathini na mmoja ni wa kubuni. Kwamba walioandikwa wamehama walikufa. Kwamba mwandishi wa kwanza alisema kweli akarudishwa, na aliyemrudisha ndiye aliyepitisha uongo, naye ni mimi, Mwatumu binti Kheri. Alipofika kwenye jina alilikosea, maana hakuwa ameliandika kwa matoleo mengi. Akalifuta, akaliandika upya.

Mwamlima alikuwa bado chini ya ngazi. Mwatumu akampa karatasi. Mzee aliisoma yote, polepole, akaomba kalamu, akaandika jina lake chini ya la mwanafunzi wake, na mkono haukukataa.

Mwatumu alimkuta Sikudhani getini pa hospitali. Muuguzi alisoma, akashusha pumzi, akasema tu, “Haya, twende,” wakaingia kwa mlango wa jikoni kwa kuwa kwa mlango mkubwa Sikudhani asingeruhusiwa.

Wodi ilikuwa na joto na harufu ya dawa ya sakafu. Vitanda tisa, Mwatumu alivihesabu kwa kidole, mwanamke mzima, mhariri. Hakuwahi kufika hapo. Ukutani ilibandikwa karatasi ya Jarida na ile picha ya vijiko vitatu. Muuguzi mpya, binti wa sare iliyopigwa pasi vizuri, alimsikiliza kwa adabu akaipokea karatasi, akaigeuza nyuma na mbele.

“Samahani, dada. Hii ni toleo la ngapi?”

“Haina toleo. Nimeiandika saa sita.”

“Haina muhuri.”

“Haina. Mimi ndiye mhariri. Ile iliyoko ukutani niliipitisha mimi, na hii inasema nilikosea.”

Binti alitazama karatasi, akatazama ukuta. Alionekana kuumia kweli. “Naelewa. Lakini nikitoa kimoja mtoto akazidiwa, nitaonyesha nini? Ile nina pa kuionyesha.” Akamrudishia karatasi kwa mikono miwili, na Mwatumu, aliyekuwa amejiandaa kwa ugomvi, hakupata pa kuuanzia, kwa sababu binti yule alikuwa akisema maneno yale yale ambayo yeye angeyasema, kwa sauti ile ile safi. Walimfundisha wapi? Kwenye kurasa za nani?

Ndipo akazungumza mtu ambaye hakuwa ameulizwa. Kwenye kitanda namba mbili aliketi mama kijana, amefungwa kitenge kifuani, amempakata mtoto wa kiume kama wa mwaka mmoja na nusu. Alikuwa amesikia yote.

“Dada. Samahani. Umesema ni vingapi?”

“Vitatu vimezidi,” Mwatumu akasema. “Asipewe tena.”

“Asubuhi amekunywa vitatu.”

“Na jana?”

“Jana jioni vitatu.” Mama akamtazama usoni, bila haraka. “Ni wewe uliyesema vitatu?”

Kulikuwa na majibu mengi. Alikuwa ameyaishi yote maisha yake: mwandishi ndiye aliyesema, msomaji ndiye aliyekubali, bodi ndiyo iliyoidhinisha. Yalipanga foleni kooni mwake kwa mazoea, kila moja na hati zake.

“Ni mimi,” akasema.

Mama hakulia wala hakumtukana. Mwatumu angependa atukanwe. Alisimama, akakaza kitenge, akamwinua mtoto na kumweka mikononi mwa Mwatumu, na mtoto alikuwa wa moto, kichwa kimelegea, kope nusu zimefunga.

“Bi Sikudhani ameniambia asilale. Mimi namfuata daktari nyumbani kwake, na nisipomkuta nitamngoja.” Alikuwa ameshafika mlangoni. “Anaitwa Mwinjuma. Mwite. Asipoitika, mwite tena.”

Mwatumu akaketi ukingoni mwa kitanda. Sikudhani alikuwa akilowesha kitambaa katika beseni la maji, binti wa sare amesimama na chupa ya dawa mkononi, hajui aiweke wapi.

“Mwinjuma,” Mwatumu akasema.

Akangoja.

“Mwinjuma.”